Kwa nini mama anacheka mahali ambapo we huoni kichekesho: Yamla Pagla Deewana na familia ya Deol

Dada mmoja wa Tanga ameniuliza swali ambalo nimelipenda sana, nalifupisha hapa. Anasema aliangalia ile picha ya Kihindi, Yamla Pagla Deewana, na mama yake, wakacheka wote, ila akagundua wanacheka sehemu tofauti. Mzee akianza tu kucheza, mama keshajishika mbavu. Yule jamaa wa kilemba akikunja tu ngumi, mama anapiga makofi kabla hata hajapigwa mtu. Mdogo wake yeye alikuwa pembeni anasema picha ya kijinga hii, haina stori. Sasa dada anauliza, kuna nini pale ambacho yeye hakioni, na je aendelee na ya pili na ya tatu au aishie hapo?

Dada yangu, mama anaangalia picha mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni hiyo ya mwaka 2011 mnayoiona wote kwenye tivii. Ya pili iko kichwani mwake, imejengwa na picha zote za Dharmendra na wanawe alizowahi kuona tangu hajaolewa, na hii Yamla Pagla Deewana imetengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wenye hiyo picha ya pili. We umepata nusu, na nusu hiyo inachekesha ndo maana ulicheka, lakini utamu wenyewe hasa uko kwenye ile nusu nyingine.

Kwanza tukumbushane stori maana kuna wasioiona. Paramveer anaishi Kanada na mke wake mzungu, watoto na mama yake mzazi, maisha mazuri tu. Baba yake aliondoka zamani na mtoto mdogo wa kiume na hawajaonekana tena. Zikapatikana habari kwamba baba yuko Banaras, mji wa India, basi Paramveer anapanda ndege kwenda kumtafuta. Anachokikuta ni mzee mmoja tapeli anaitwa Dharam na kijana wake Gajodhar, baba na mwana wanaibia watu mjini kwa ushirikiano mkubwa kabisa, na mzee mwanzoni anamkwepa huyu mwanawe wa Kanada kama hamjui. Afu Gajodhar anapenda binti mwandishi anaitwa Saheba, kaka zake wa Punjab wanakuja kumchukua kwa nguvu, na kuanzia hapo picha inahamia Punjab ambako baba na wanawe wanaingia kwenye ile nyumba kwa uongo juu ya uongo, mpaka wale kaka wanaanza kutaka binti aolewe na Paramveer ambaye ana mke na watoto Kanada! Anupam Kher ndo kaka mkubwa. Dairekta ni Samir Karnik, na picha ilitoka tarehe 14 Januari 2011, siku moja tu baada ya Lohri, ile sikukuu ya Wapunjabi ya kuwasha moto msimu wa baridi, kwa hiyo ililengwa watu waende familia nzima na bibi na watoto.

Sasa jambo la msingi. Dharam ni Dharmendra, Paramveer ni Sunny Deol, Gajodhar ni Bobby Deol, na hao ni baba na wanawe wawili wa kuwazaa, sio mambo ya kuigiza. Najua hilo unalijua kijuujuu, ila kujua tu kwamba ni ndugu haitoshi, lazima ujue kila mmoja alikuwa nani machoni pa watazamaji kabla hawajasimama pamoja pale.

Tuanze na mzee. Dharmendra alizaliwa Punjab mwaka 1935, picha yake ya kwanza ilikuwa 1960, na Phool Aur Patthar ya 1966 ndo ilimpandisha akawa steringi mkubwa. Alifariki Novemba 2025 akikaribia kutimiza miaka 90. Watu wa umri wa mama yako na waliomtangulia huku pwani wamemjua kwenye skrini kubwa, enzi ambazo picha ya Kihindi ndo ilikuwa mtoko wa Jumapili mchana kwa familia, Majestic na Cine Afrique kule Unguja, Avalon na Empire pale Dar, watu wamevaa vizuri, wengine wanaimba nyimbo na hawajui neno hata moja la Kihindi. Wote hao wameiona Sholay, ya 1975. Na kwenye Sholay kuna sini ambayo nina hakika mama anaikumbuka mpaka leo: Veeru, yaani Dharmendra, amelewa chakari kapanda juu ya tangi la maji la kijiji, anapiga kelele kwamba atajirusha kama dada wa mama yake Basanti, binti anayempenda, hatamruhusu amuoe, na kijiji kizima kiko chini kinamtazama. Mwanaume mzuri wa sura, misuli, mpiganaji, afu hana aibu hata kidogo ya kuonekana mjinga mbele za watu. Hapo ndo siri ya Dharmendra ilipo. Mastaa wengi wa miaka ile walikuwa wanalinda sura zao, wanachekesha kwa tahadhari, yeye alikuwa anajitupa mzima mzima.

Mwaka huohuo 1975, na hapa ndo tunafika kwenye jina la picha yenu, alitoa nyingine inaitwa Pratigya. Humo anajifanya polisi, anaanzisha kituo cha polisi cha uongo kijijini, watu wanamuamini, na ndani yake kuna wimbo aliouimba Mohammed Rafi unaoanza na maneno Main Jat Yamla Pagla Deewana, Dharmendra anaucheza kilevi mbele ya Hema Malini, steringi wa kike. Naomba uutafute huo wimbo leo leo, upo mtandaoni, dakika chache tu. Utaona mtu ambaye kucheza hajui kabisa kwa vigezo vya leo, mikono inakwenda huku miguu inakwenda kule, mabega yanaruka, na bado huwezi kumwondolea macho kwa sababu anafurahi kweli. Sasa rudi kwenye picha ya 2011. Mzee ana miaka 75, anacheza na wanawe wawili kwenye wimbo uliozaliwa na ule wa zamani, na mabega ni yaleyale! Mama hacheki kwa sababu mzee anacheza vibaya dada yangu, anacheka kwa furaha ya kumuona mtu aliyemjua ujanani kwake hajabadilika. Na angalia pia kwamba waandishi hawakuchukua jina peke yake, wamechukua na mtu mwenyewe, yule muongo mwenye moyo mzuri wa Pratigya ndo huyuhuyu Dharam kazeeka, bado anavaa sura za watu wengine ili aishi.

Twende kwa Sunny, mwenye kilemba. Huyu ndo ufunguo wa vichekesho vyote na watu wengi hawamuoni kama mchekeshaji kabisa. Alianza na Betaab mwaka 1983, picha iliyotengenezwa na kampuni ya baba yake, lakini jina alilijenga kwa hasira. Ghayal ya 1990, mtu aliyeonewa anaamka kulipiza. Damini ya 1993, wakili mlevi anayetoa ile dayalogi ya mkono wa kilo mbili na nusu, kwamba ukimuangukia mtu hainuki tena anakwenda moja kwa moja, India nzima inaijua mpaka watoto. Afu Gadar ya 2001, kazungukwa na watu Pakistani, anang'oa bomba la maji la ardhini kwa mikono yake na kuanza kupigana nalo. Miaka karibu ishirini watu wanalipa kiingilio kumuona Sunny akikasirika. Kwa hiyo akiingia kwenye komedi hahitaji kuchekesha, na kiukweli hachekeshi! Anakaa na uso uleule mzito, mpole, mtu wa familia, anaongea taratibu, na watazamaji wote wanajua kitu ambacho wale majambazi wa kwenye picha hawakijui, kwamba huyu bwana ukimgusa tu umekwisha. Jambazi anamsukuma bega, kimya, anamsukuma tena, kimya, ukumbi mzima umeshaanza kucheka maana wanaona kinachokuja. Mama anapiga makofi ngumi ikikunjwa kwa sababu yeye ile ngumi anaifahamu tangu Ghayal. We unasubiri uone itafanya nini, yeye keshaona.

Bobby, watu wa kizazi chenu mnamjua kwenye Animal ya 2023, yule jambazi bubu wa kutisha. Ila yeye alianza 1995 na Barsaat kama kijana wa mapenzi, nywele za kujikunja, afu Gupt ya 1997 na Soldier ya 1998 zikamfanya staa kamili. Baadaye kazi ikapoa, na ilipofika 2011 wengi walikuwa wamemsahau. Mi naona kwenye Yamla Pagla Deewana ye ndo kafanya kazi ngumu kuliko wote na hakusifiwa inavyostahili, maana baba ana historia inayombeba, kaka ana ngumi inayombeba, yeye alitakiwa achekeshe kwa ufundi mtupu. Muangalie anavyobadilika, Banaras ni mtoto wa mjini mwenye mdomo mrefu na lafudhi ya kule, kwa binti anakuwa mshairi, akifika Punjab anajifanya mtu mwingine kabisa. Watu watatu ndani ya mtu mmoja na wote wanaaminika.

Haya, sasa niseme kitu ambacho kwangu mimi ndo kiini cha picha yenyewe, na nadhani sisi watu wa huku tunaweza kukielewa haraka kuliko watu wengi. Kwetu utani una wenyewe. Babu na mjukuu ni watani, unaweza kumwambia babu umezeeka kaa pembeni nimuoe bibi, na yeye atakwambia we na hilo bichwa nani akutake, mnacheka. Shemeji ni mtani. Baba sio mtani. Baba unamwamkia, unapunguza sauti, ukisikia anafungua mlango unashusha miguu kwenye kochi. Wapunjabi nao wako hivohivo, na familia ya Deol ndo kabisa, Sunny na Bobby wameshasema mara nyingi kwenye mahojiano kwamba baba yao walimuheshimu kwa kumuogopa, hata wao wakiwa watu wazima wenye watoto wao. Sasa picha inafanyaje? Inamchukua baba inamfanya awe kama babu. Dharam anatania, anaiba na mwanawe, anadanganya na kusingizia, anatoroka majukumu, akibanwa anatoa uso wa mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Na mtoto mkubwa anayetakiwa kunyenyekea ndo amekuwa mzazi, anatafuta, anasamehe, anawatoa wote kwenye matatizo waliyojiingiza. Kila mtu amekalia kiti cha mwenzake.

Ukiweka waigizaji watatu wasiohusiana wafanye hivyo inakuwa komedi ya kawaida tu, nzuri lakini ya kawaida. Ila hapa unajua kwamba yule aliyeshikwa shavu na mwanawe ni baba mzazi kweli, na kwamba nje ya kamera Sunny asingethubutu. Kuna wakati unaona Sunny anamtazama baba yake anavyofanya vituko na anazuia kicheko, mdomo unataka kufunguka anaubana, na mi nakwambia ile sio kuigiza. Wewe dada ukiangalia tena usimuangalie anayeongea. Muangalie anayesikiliza. Dharam akiwa anatoa uongo wake mrefu mtazame Sunny, Gajodhar akiwa anatongoza mtazame mzee nyuma yake. Watu walioishi nyumba moja wanajua pumzi ya mwenzao inapoishia, hawagongani kwenye maneno, mmoja akimaliza mwingine keshaingia, na hicho kitu huwezi kukipata kwa mazoezi ya wiki mbili.

Mdogo wako anasema haina stori. Mwambie stori ipo ila ni nyepesi kwa makusudi, ni kamba ya kuanikia. Kosa kubwa la picha liko kwingine, ni ndefu, inazidi saa mbili na nusu, na nusu ya pili kule Punjab inajirudia rudia, uongo mmoja ungetosha wameweka minne. Nyimbo nyingine zimewekwa tu kwa ajili ya soko. Na ule utani wa Wapunjabi kunywa pombe na kupenda Kanada kupita kiasi umevutwa sana, japo yule dada anaitwa Poli, anayeota Kanada usiku na mchana na kiingereza chake cha kuokoteza, mi ananimaliza kila nikimuona. Nadhani ananichekesha kwa sababu wapo wa aina hiyo kila mtaa wa dunia hii, badilisha tu Kanada weka Uingereza au Omani. Na niseme wazi, ule utani haunikeri kwa sababu wanaotaniwa ndo hao hao waliotengeneza, Deol ni Wapunjabi wa kuzaliwa, wanajicheka wenyewe na baba zao na wajomba zao. Angefanya mtu wa nje ningenuna.

Kitu kingine kinachokupunguzia utamu bila we kujua ni toleo uliloangalia. Kama ni lile lililotafsiriwa na mtu mmoja anaongea juu ya sauti zote, utafurahia maneno ya mtafsiri na wengine wana kipaji kikubwa sana, ila unapoteza lafudhi. Hii picha nusu ya kichekesho chake ni lafudhi, watu wa Banaras wanavuta Kihindi chao kivingine, Wapunjabi wanakipiga kama ngoma, na Gajodhar anaruka kutoka huku kwenda kule kutegemea anamdanganya nani. Hata usipoelewa neno, sikio linasikia kwamba mtu kabadilika. Itafute yenye sauti ya asili na sabtaito, utaona tofauti kubwa.

Sasa hizo za mbele. Ya pili ilitoka Juni 2013, dairekta mwingine, Sangeeth Sivan, wamehamia Uingereza, baba na mwana bado matapeli na wanamwinda tajiri anayechezwa na Annu Kapoor. Annu Kapoor mwenyewe yuko vizuri. Lakini wameongeza nyani mkubwa mwenye akili anaitwa Einstein, na kila anapotokea mi naona akina Deol wanapungua. Hawakuamini tena kwamba wale watatu wanatosha. Ukiwa na watoto wadogo nyumbani waweke waangalie, watafurahi, we endelea na shughuli zako.

Ya tatu, Phir Se, ya Agosti 2018, ndo inayoniuma. Kila mtu humo ana uhusika mpya, Sunny ni tabibu wa dawa za asili mwenye siri ya dawa ya ukoo wao, Bobby ni mdogo wake asiyejielewa, na Dharmendra, sikiliza hii, sio baba yao! Wamemfanya mwanasheria aliyepanga nyumbani kwao. Yaani una baba na wanawe wa damu, watu wanalipa kuwaona baba na wanawe, afu kwenye stori unawatenganisha. Ule mchezo wa viti niliousema hapo juu unakufa, mzee akifanya vituko hakuna mtoto wa kuona haya kwa niaba yake. Kuna wimbo mmoja wa mwisho mastaa wengine wanaingia, Salman Khan na Rekha na Sonakshi Sinha, unachangamsha, lakini wimbo mmoja haubebi picha nzima. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili, ishia ya kwanza. Usiziangalie kwa kulazimika eti ni mfululizo, ya kwanza inajitosheleza.

Badala yake nenda nyuma, na nenda na mama, maana yeye ndo mwalimu wako hapa. Anza na Chupke Chupke, ya 1975 hiyohiyo, mwaka ule Dharmendra alikuwa moto kweli kweli. Ni ya dairekta Hrishikesh Mukherjee, komedi ya nyumbani, haina ngumi wala bunduki. Dharmendra ni profesa wa mimea aliyeoa karibuni, mke wake anamsifia mno shemeji yake kwamba ana akili haijapata kutokea, basi profesa anaamua kumpima huyo shemeji kwa kwenda kwake kama dereva anayeongea Kihindi safi kupita kiasi mpaka mwenye nyumba anachanganyikiwa. Humo yumo pia Amitabh Bachchan, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza aliyelazimishwa kujifanya profesa wa mimea na hajui hata ua moja. Ukiimaliza hiyo utaelewa Dharam alikotoka. Yule mzee wa Banaras anayedanganya kwa uso wa malaika alishakomaa kwenye kazi hiyo miaka 36 kabla.

Baada ya hapo Sholay kama hujaiona yote, najua wengi wa umri wako mmeona vipande tu. Afu Ghayal au Damini kwa ajili ya Sunny, moja inatosha. Halafu Apne, ya 2007, hii ndo ya kwanza baba na wanawe wawili walikaa pamoja kama waigizaji wakuu, dairekta Anil Sharma yule wa Gadar. Baba ni bondia wa zamani aliyevunjiwa heshima, wanawe wanaingia ulingoni kuirudisha. Nakutahadharisha, hiyo sio ya kucheka, andaa kitambaa. Lakini ina maana kubwa kwa hii mnayoipenda, kwa sababu miaka mitatu na kitu kabla ya Yamla Pagla Deewana watu waliwaona haohao watatu wakilia, baba mkali, mtoto mkubwa mwenye kinyongo, mdogo anayetaka kupendwa. Komedi ikaja ikageuza kila kitu juu chini. Waliokuwa wamelia 2007 ndo waliocheka zaidi 2011.

Na kama ladha ya familia kuchekesha pamoja imekukolea, akina Deol hawakuanza wao. Kuna Chalti Ka Naam Gaadi, ya 1958, nyeusi na nyeupe, ndugu watatu wa kweli, Ashok Kumar, Anoop Kumar na Kishore Kumar, wanacheza ndugu watatu wenye gereji. Kaka mkubwa hataki kusikia habari za mwanamke nyumbani kwake, na usiku mmoja wa mvua Madhubala anakuja na gari bovu, Kishore anamtengenezea, binti anaondoka bila kulipa rupia tano na anna kumi na mbili (anna ni senti za zamani za Kihindi), na jamaa anaanza kumfuata mjini eti anadai hela yake! Nyimbo za S. D. Burman humo hazijachuja mpaka leo, na ule wa mvua ndani ya gereji, Kishore anaimba huku anagonga gonga vyuma, mi sijaona wimbo wa komedi uliopangwa vizuri kuliko ule. Ashok Kumar ndo alikuwa kaka mkubwa wa ukweli, staa wakati Kishore bado mtoto, kwa hiyo anapomfokea mdogo wake na mdogo anamfanyia vituko nyuma ya mgongo unaona kabisa wamefanya hivyo maisha yao yote. Ipo pia Kal Aaj Aur Kal ya 1971, ya akina Kapoor, Prithviraj ni babu, Raj ni baba, Randhir ni mtoto na ndo aliyeiongoza, ila hiyo ina kucheka na kugombana nusu kwa nusu. Humo Raj Kapoor kakaa katikati ya baba yake mzazi na mwanawe wa kumzaa, kila mmoja anamvuta upande wake, na hilo peke yake linatosha kuitafuta.

Ila usivamie zote wiki moja. Mi ningekuwa wewe ningefanya hivi: wimbo wa Pratigya leo, Chupke Chupke wikiendi hii na mama, Apne wiki inayofuata, afu mnairudia Yamla Pagla Deewana yenye sauti ya asili, na yule mdogo wako mkae naye safari hii, akae katikati mama amsimulie nani ni nani. Mkimaliza niandikie umecheka wapi, na hasa yule mdogo kacheka wapi.